Ua Lisilopigwa Dawa

Kitabu cha mapishi kilichoandikwa London kitakuambia kwamba jeli huwa tayari ikifika nyuzi 105. Ukiwa hapa Plateau, Uasin Gishu, Kenya, ukaingoja hiyo 105, utajipikia peremende: kitu kigumu cha rangi ya kahawia kinachong'ang'ania sufuria, huku harufu yote ya waridi ikiwa imeshatoroka na mvuke. Sukari haina kosa, wala jiko. Tuko juu, basi. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka nyuzi moja mapema, na sisi tumeshapita mita 2,000, kwa hiyo birika letu hutokota kwenye nyuzi 93, zikizidi au kupungua kidogo. Jeli nayo huganda inapopita kiwango hicho cha maji kwa nyuzi nne au tano. Mombasa ni 105. Plateau ni 97 au 98. Mpishi anayelijua hili huchemsha kwanza maji matupu, akasoma kipimajoto, akaongeza nyuzi zake nne u nusu, ndipo akaanza kazi.

Asiye na kipimajoto, na wengi wetu hatuna, huweka kisahani nje ya dirisha. Baridi ya jioni ya Plateau inatosha. Friji ya nini? Unadondosha tone la jeli kwenye kisahani, unangoja kidogo, unalisukuma kwa ncha ya kidole. Likikunja ngozi, epua. Likikimbia, rudisha mwiko.

Nimeanzia jikoni kwa makusudi. Nikitaja jeli ya maua, watu huuliza upesi hicho ni chakula cha wapi, na wameshajijibu moyoni kwamba ni cha Ulaya. Ni kweli Wafaransa wana yao ya maua ya manjano ya majanini, wanaiita cramaillotte, na Waturuki wa Isparta wana jemu ya waridi inayojulikana dunia nzima. Lakini uki­taka kuipika hapa, kitabu cha Mfaransa kitakusaidia ukurasa mmoja tu. Kurasa zinazobaki utazisoma kwenye mwinuko, kwenye nyua za watu na kwenye vinywa vya majirani.

Plateau yenyewe watu wengi huijua kwa kuipita. Reli iliyotoka Nakuru ikapanda hadi Timboroa, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,700, kisha ikateremka na kufika Eldoret mwaka 1924, iliacha hapa stesheni. Kabla ya reli walikuja Makaburu. Msafara wa Jansen van Rensburg ulipanda kutoka Nakuru mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ukaingia uwanda ambao serikali ya Waingereza iliugawa bila kuwauliza Wanandi, wala Wamaasai wa Uasin Gishu waliolisha humo kabla yao. Mji wa Eldoret ukaanzia kwenye shamba namba 64, na wazee mpaka leo huuita Sisibo. Makaburu ni watu wa konfyt. Kwao tunda lisilotiwa sukari na kufungiwa chupani ni tunda lililopotea. Uhuru ulipokaribia wengi wao waliondoka. Mashamba yalikatwa, yakauzwa, yakakatwa tena, na leo mtu ana ekari mbili mahali ambapo mmoja alikuwa na elfu. Vilivyodumu ni vitu ambavyo hakuna aliyeona sababu ya kuving'oa: mstari wa misaipresi, mwaridi mkongwe uliojitanda juu ya waya, na kayaba.

Huo mwaridi mkongwe ndio ninaoutafuta. Ua lake ni dogo, bapa, lina petali nyingi zilizosongamana na shina fupi lisilofaa kutiwa kwenye chombo cha maua. Ukilikata asubuhi, kesho yake jioni limeshapukutika. Hakuna mfanyabiashara atakayelitaka. Lakini lina harufu, na harufu ndiyo malighafi yote ya jeli. Waridi la biashara ambalo Kenya inalipandisha ndege kwenda Ulaya, hadi kwenye mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, limechaguliwa kwa sifa nyingine: shina refu, kichwa kigumu, siku nyingi ndani ya maji. Harufu ilipotea njiani katika uchaguzi huo, na sioni wanunuzi wakiililia. Juu ya hayo, hupigwa dawa za ukungu na za wadudu kwa viwango vilivyowekwa kwa ua la kutazamwa. Halikukusudiwa kuliwa, na lisiliwe. Mtu akikupa shada la maua ya dukani, mshukuru, liweke mezani, liishie hapo.

Kwa hiyo tunaishi kwenye nyanda zinazolisha dunia maua, na maua yenyewe hatuwezi kuyatia mdomoni. Sisemi hivyo kwa uchungu. Mishahara ya mashamba ya maua imesomesha watoto wengi. Nasema tu kwamba anayetaka ua la kula inambidi atafute mahali ambapo biashara haijafika, na mahali hapo ni pembamba sana: ni ukingo, kipande kati ya shamba la huyu na shamba la yule.

Mchumaji wa maua hapa Plateau hana msitu wa kuingia na kikapu mkononi. Ana nyua. Huenda umande ukishakauka na jua halijawa kali, kwa sababu petali lililolowa hupunguza ladha na lililochomwa na jua limeshatoa harufu yake hewani. Hachumi tumba wala ua lililokwisha kuchoka. Huchukua lililofunguka asubuhi hiyo, akalikamata kwa vidole vyote vitano na kulivuta mara moja, kikonyo kikabaki mtini. Nyumbani huyatandaza kwenye sinia kwa nusu saa wadudu wajitokee wenyewe. Kisha inakuja kazi ya kuchosha ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja: kila petali lina kisigino cheupe pale liliposhikana na kikonyo, na kisigino hicho ni kichungu. Ukikiacha, jeli itakuwa na uchungu unaokuja nyuma ya ulimi baada ya utamu kupita. Unakikata kwa mkasi, petali baada ya petali. Ukiwa na mtoto wa darasa la nne nyumbani, huu ndio wakati wake wa kusaidia.

Siku moja bibi mmoja jirani, kogo kwa Kikalenjin, alinikuta nimesimama kwenye ua wake wa nyuma na bakuli. Tulisalimiana, chamgei, chamgei mising, akanitazama, akatazama bakuli, akasema, "Mwanangu, hata ng'ombe hawayali hayo." Nilipomweleza kuhusu sukari na chupa alicheka mpaka akashika waya. Lakini hakuondoka. Akaanza kunieleza walivyokuwa wakichunga utotoni, walivyokuwa wakichomoa maua marefu ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina kwa mafungu, yale yanayopendwa na ndege chozi, wakinyonya tone la asali lililo kwenye shina la ua na kutupa linalobaki. Wataalamu huuita mmea huo Leonotis. Watoto walijua ni saa ngapi tone lina utamu na ni saa ngapi chozi amewatangulia. Hakuna aliyekiita hicho chakula. Ulikuwa mchezo wa mchungaji.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu kikubwa cha vyakula vya asili vya mimea, kazi ya Patrick Maundu na wenzake Grace Ngugi na Christine Kabuye. Ukikifunua unakutana na majani, matunda, mizizi, mbegu na utomvu, kutoka kila pembe ya nchi. Mtu wa Uasin Gishu atazikuta humo mboga zake, saga na managu. Maua hayakushika nafasi kubwa, na sababu si ngumu kuiona: ua halishibishi. Mama anayerudi na kikapu cha managu amerudi na mboga ya jioni. Anayerudi na kikapu cha mawaridi amerudi na nini?

Tuseme ukweli: jeli ya maua ni sukari. Ukiipima, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari ya dukani, na ili igande vizuri sukari inapaswa kufika karibu asilimia 60 au 65. Ua linaleta harufu, rangi na ladha nyembamba; virutubisho, sahau. Mwenye kisukari hana biashara nayo. Ni chakula cha asiye na njaa, na mtu akinicheka kwa kuihangaikia nitacheka naye. Hata hivyo, hakuna pwani wala bara ambako watu walikula kwa ajili ya kushiba tu. Ua maarufu kuliko yote yanayoliwa Afrika Mashariki ni karafuu, na karafuu ni tumba lililochumwa kabla halijapata nafasi ya kufunguka. Unguja na Pemba ziliendeshwa kwa tumba hilo sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa, kwa jasho la watumwa, na hakuna aliyewahi kushiba karafuu. Mombasa, anayetafuna tambuu tamu baada ya chakula anatafuna ndani yake gulkandi, petali za waridi zilizopangwa tabaka kwa tabaka na sukari ndani ya chupa, kisha zikaachwa juani majuma kadhaa mpaka zikajipika zenyewe bila moto. Mapishi hayo ni ya Wahindi, na kwa maoni yangu ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa jeli yangu katika nchi hii. Nimewahi kufikiria kuyajaribu huku, nikalitazama jua la mwezi wa saba la Plateau, nikaacha.

Na kuna Oman. Juu ya Jabal Akhdar, kwenye uwanda wa Saiq ulio katika mwinuko wa mita 2,000 hivi, wakulima hupanda miwaridi kwenye ngazi za mawe, huchuma alfajiri hasa mwezi wa Aprili, na kuyachemsha maua katika vyungu ili mvuke wake uwe marashi. Marashi hayo huingia kwenye halua ya Muscat, na mapishi ya halua hiyo yalivuka bahari zamani hadi Zanzibar, Mombasa na Lamu. Mtu wa pwani amekula waridi maisha yake yote bila kulifikiria. Kinachonifurahisha ni ule mwinuko. Baridi ya usiku na jua kali la mchana vinalifaa waridi kule, na huku tunavyo vyote viwili, tena na mvua ambayo wao wangeinunua.

Turudi kwenye sufuria. Petali lita moja zilizoshindiliwa, maji ya moto lita moja, funika, lala. Asubuhi yake ukifunua kifuniko utasikitika. Petali zimekuwa kijivu, na maji yaliyokuwa yawe mekundu yana rangi ya chai ya jana, pengine na kivuli cha zambarau. Anayepika mara ya kwanza hudhani ameharibu, akamwaga. Chuja kwa kitambaa safi, ukiache kidondoke chenyewe bila kukikamua, maana kukamua kunaleta ukungu ambao hautaondoka tena. Kisha mimina maji ya limau, kijiko kimoja, polepole. Rangi hugeuka mbele ya macho yako. Inaanzia pale limau lilipoangukia, nyekundu ya wazi, ikienea kwa mishipa mpaka sufuria nzima imewaka. Rangi ya waridi ni ya aina inayobadilika kufuatana na ukali wa maji: penye ukali huwa nyekundu, penye magadi huelekea bluu. Watoto wakiwepo, ita watoto. Ukitaka kuwaonyesha upande wa pili, tia chembe ya magadi kwenye kikombe cha pembeni.

Lakini limau peke yake haligandishi. Kinachogandisha ni pektini, ule ute uliomo kwenye matunda machanga na maganda, na maua karibu hayana kabisa. Ulaya wanainunua kwenye pakiti. Maduka makubwa ya Eldoret nayo huwa nayo mara mojamoja, kwa bei ya kukufanya uirudishe rafuni. Hapa ndipo kayaba inapoingia. Kayaba ni mti wa miiba uliotoka pande za mto Kei kule Afrika Kusini, na kwenye nyanda za juu za Kenya hupandwa kuwa ua unaozuia ng'ombe, mwizi na fisi. Matunda yake ya manjano huanguka chini na kuoza, kwa sababu ni makali mno. Mtoto hula moja kwa kuthubutishwa na wenzake. Huo ukali ndio tunaoutaka, na pamoja nao kayaba ina pektini tele. Chukua matunda yaliyoanza tu kuwa manjano, maana yaliyoiva sana yamepunguza pektini, yachemshe na maji kidogo mpaka yalegee, uyachuje. Changanya na maji yako ya waridi, tia kikombe cha sukari kwa kila kikombe cha maji hayo, washa moto mkali. Anayeishi mahali pasipo na kayaba atumie mapera, au maganda na kokwa za limau zilizofungwa kwenye kitambaa. Watanzania wana bahati yao: rozela, ambayo wengine huiita choya, ina ukali wake na pektini yake, na huhitaji kuihangaikia. Ila rozela ni mmea wa joto. Huku kwetu tunaiona imekaushwa, sokoni.

Na chupa zichemshwe. Miongozo ya Marekani ya kuhifadhi jeli hutoa dakika tano za kuchemsha chupa zilizojazwa kwa watu wa usawa wa bahari, na dakika 15 kwa wanaoishi juu ya mita 1,800. Maji yetu yanachemka yakiwa na joto dogo, hivyo yanahitaji muda. Usiyaharakishe.

Yote hayo, nakuambia, ni rahisi. Kazi yenyewe ni kupata ua la kutia sufuriani.

Kwanza kuna sumu. Kwenye nyua zetu huning'inia ua kubwa jeupe, au la rangi ya pichi, linalotazama chini kama tarumbeta lililotundikwa, na jioni hunukia mpaka barabarani. Ni Brugmansia, asili yake Amerika ya Kusini, na lina sumu kuanzia mzizi hadi petali. Ndugu yake mfupi, mnanaha, huota wenyewe kwenye mavi ya ng'ombe na kando ya maghala. Sumu ya hao wawili huvuruga akili, hupeleka moyo mbio na inaweza kuua, na kuichemsha hakuiondoi. Olianda iliyopandwa mbele ya majengo ni vilevile. Uzuri wa ua na harufu yake havikuambii lolote kuhusu tumbo lako. Chuma unalolijua kabisa, na ukiwa na shaka ya nusu, hiyo nusu inatosha kuliacha.

Kisha kuna dawa, na hili ndilo linalonikalisha kitako. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano. Mvua zikianza, Machi au Aprili, watu hupanda, na baada ya kupanda huja pampu za mgongoni na matrekta yenye mabawa ya kunyunyizia. Mojawapo ya dawa za magugu zinazotumika sana kwenye ngano na mahindi, 2,4-D, hufanya kazi kwa kubagua: huacha mimea ya jamii ya nyasi, huua yenye majani mapana. Ngano ni nyasi, mahindi ni nyasi. Karibu kila kitu kinachochanua kando yake ni jani pana. Dawa hiyo inajua kutenga nyasi na majani mapana. Kutenga gugu na waridi haijui. Mkulima mwangalifu hupiga asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na ndiyo saa ileile mchumaji anapotoka na bakuli. Lebo ya dawa humwambia mkulima angoje siku ngapi kabla ya kuvuna mahindi au kabichi. Ua la ukingoni halina mstari wake kwenye lebo hiyo. Halihesabiwi kuwa zao.

Si mashamba tu. Mwenye ng'ombe wawili watatu hana josho. Huwafunga kwenye nguzo ya ua na kuwanyunyizia dawa ya kupe, kisha ng'ombe huenda kujikuna palepale. Petali zilizo kwenye kimo cha ubavu wa ng'ombe uziache. Kando ya barabara kuna vumbi la malori na moshi wake. Karibu na choo, karibu na jaa, karibu na mahali mtu anapooshea pampu yake, acha. Ukiondoa hayo yote, kutoka kwenye kilomita nzima ya ua unabaki na hatua chache za mahali unapoweza kuchuma kwa moyo mtulivu. Na hatua hizo huzijui kwa macho. Inabidi uulize.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Ukimwendea mtu shambani kwake ukamwuliza ulipiga dawa lini, dawa gani, na upepo ulikuwa unaelekea wapi, atasikia unamshtaki. Atadhani mahindi yako yameungua, au umetumwa na mtu wa kilimo. Swali hilo haliulizwi ukiwa umesimama. Huulizwa mkiwa mmekaa, chai imeshamiminwa, habari za watoto zimekwisha na za maziwa zimeanza. Hapo mtu hujitolea mwenyewe kusema kwamba juma lililopita alimaliza upande wa chini, na upande wa juu hajaugusa tangu mwaka jana kwa sababu dawa imepanda bei. Hiyo ndiyo habari uliyokuja kuitafuta. Ukipika, chupa ya kwanza ni yake. Mwaka unaofuata atakuambia kabla hujauliza.

Yuko shahidi mwingine, mwenye mizinga. Nyuki huweza kuchuma hata kilomita tatu na zaidi kutoka nyumbani, na mtu anayefungua mzinga wake akakuta nyuki wamelala chini mlangoni anajua kwamba kuna mtu amepiga dawa mahali fulani maua yakiwa wazi. Hapa, kuelekea Kaptagat na ukingo wa bonde la Kerio, ufugaji wa nyuki ni wa tangu zamani, na asali ilikuwa na nafasi yake kwenye sherehe kabla sukari haijafika na gari la Mhindi. Mwenye mizinga wa sehemu hizi ana ramani kichwani ya nani anapiga nini na lini. Nikipata nafasi ya kumsikiliza mmoja wao kwa saa nzima, huacha kitabu cha Mfaransa kilipo.

Ndiyo maana siichukulii jeli hii kuwa upuuzi, pamoja na sukari yake yote. Kitoweo kinaweza kutoka popote. Mboga yenye dawa huoshwa, ikapikwa, ikaliwa, na hakuna anayeuliza. Chupa moja ya jeli ya waridi la uani haiwezekani mpaka uwe umejua ni nani aliye upande wa pili wa ua, analima nini, anapigaje dawa, ng'ombe wake wanajikuna wapi. Nimeonja jeli za dukani zenye picha ya waridi kwenye lebo, tamu kuliko yangu, na rangi yake haififii. Yangu baada ya miezi michache huanza kugeuka kahawia, na mtu mwenye pua nzuri husikia kayaba kwanza, waridi baadaye. Bado naipenda zaidi yangu, na sioni haja ya kuitetea zaidi ya hapo.

Wewe uliye na ekari zako, iwe ni Plateau, Ainabkoi, Moiben au kwingineko kwenye nyanda hizi: msimu huu unapojaza pampu, acha hatua kumi za ua bila kuzigusa. Chagua upande ambao upepo hautokei shambani. Usizifyeke mpaka zimalize kuchanua, usifunge ng'ombe hapo siku ya dawa ya kupe, na umwambie jirani ni hatua zipi, ili naye afunge bomba lake anapozikaribia. Hupotezi gunia hata moja.